Kabla ya kununua dawa ya kigoga, tazama mti

Jirani yangu alinisimamisha getini Jumamosi iliyopita, kapu la ndizi likiwa bado kichwani. "Abooki, paa lako lilikuwa kijani kama uwanja wa mpira. Ulilipaka dawa gani?" Nikamwambia, "Akiiki, sikupaka kitu. Nilikata matawi." Akanitazama kama mtu anayefichwa siri ya duka.

Mimi si Mtooro. Nilizaliwa Jinja kwenye nyumba za reli, na Kiswahili ndicho nilichonyonya, lakini hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ukikaa bila empaako, lile jina la heshima la Watooro, unaonekana mgeni mkaidi, kwa hiyo nikapewa Abooki, nami nimelizoea. Nalitaja kwa sababu maswali ya paa huja hivyo hivyo, kwa upole na kwa jina la heshima, na mtu anayeuliza tayari ana fedha ya dawa mkononi. Hakuna anayekuja kuuliza habari za kivuli.

Kigoga, ule utando wa kijani unaokua kama zulia juu ya vigae, hakina mizizi ya kweli. Kina vinywele vya kujishikiza tu, na hunywa maji kwa mwili mzima. Udongo si lazima kiupate. Chembe zake za uzazi ni ndogo kama vumbi na upepo unazibeba kila mahali, kwa hiyo anayekuahidi kwamba zitakoma kutua juu ya nyumba yako anakudanganya. Unachoweza kumnyima mgeni huyu ni makao: akute pamekauka na pana jua, atakaa amesinzia mpaka afe.

Sasa, ukisoma maelekezo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani utaambiwa ushughulikie upande wa kaskazini wa paa, maana huko jua halifiki vizuri. Ni kweli, kwao. Sisi hapa Fort Portal tuko kaskazini ya ikweta kwa chini ya digrii moja. Mwezi wa Juni jua linatupitia upande wa kaskazini, Desemba linatupitia kusini, na miezi ya katikati, saa sita mchana, liko karibu utosini. Paa lililo wazi linapata jua pande zote mbili. Ukiona upande mmoja una kigoga na mwingine hauna, usitafute dira. Tazama ni nini kimesimama kati ya paa na jua.

Kwangu kilikuwa mfenesi.

Lakini sikuanza na mfenesi, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Miaka mitatu iliyopita nilimwita fundi mwenye pampu ya maji ya nguvu. "Mzee, saa mbili tu, paa litarudi jipya," aliniambia, na kwa macho ilikuwa hivyo. Kigoga kiliruka vipande vipande. Nilikuwa nimesimama chini na mwavuli, nikifurahi, mpaka nilipoona maji yanayotoka kwenye gata yamekuwa mekundu kama chai ya rangi. Nilidhani ni uchafu. Siku iliyofuata nilipanda ngazi nikapitisha kiganja juu ya kigae kimoja: zamani kilikuwa laini kama chungu kilichosuguliwa, sasa kilikuwa kinakwaruza kama msasa. Yale maji mekundu yalikuwa paa langu. Tena fundi alikuwa ameelekeza mdomo wa pampu kutoka chini kwenda juu, maji yakaingia kwenye maungio ya vigae, na dari ya chumba cha watoto ikapata doa lenye umbo la ini. Kigoga kilirudi msimu wa mvua uliofuata, na kilirudi kwa wingi zaidi, kwa sababu uso uliokwaruzika unashika maji na vumbi kuliko uso laini. Fedha yangu ilikuwa imenunua shamba la kigoga.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "nitapigisha pampu" kwenye vigae vya udongo, huwa namshika mkono.

Watu wa mabati wananicheka, na wana sababu. Bati jipya limepakwa zinki, na kila mvua inachukua zinki kidogo sana na kuitiririsha juu ya paa. Kigoga hakipatani na zinki. Hata kwenye paa langu la vigae, kabla halijasafishwa, ushahidi ulikuwepo: bomba la moshi la jikoni limezungushiwa kipande cha bati, na chini yake kulikuwa na mstari mwekundu safi, upana ule ule wa bati, ukishuka hadi kwenye gata. Kulia kijani, kushoto kijani, katikati kigae kama kilivyotoka tanuruni. Kwa hiyo wanaofunga ukanda wa bati la zinki chini ya kofia ya paa hawarogi mtu, kazi inafanyika kweli, ingawa nguvu yake inapungua kadiri maji yanavyoshuka. Ila bati likizeeka, zinki ikaisha na kutu ikaingia, majani yakioza juu yake kigoga kitapanda huko pia. Nayo yale mabati ya kisasa yenye changarawe juu yanashika vumbi kati ya punje, basi wenye nayo chini ya miti wasijione wamepona.

Kuna wanaoshauri mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, kwa kuwa shaba inaua kigoga hata kuliko zinki. Inaua, sikatai. Lakini maji yenye shaba yakitiririka juu ya bati au gata ya bati, yanaila zinki na kuacha chuma uchi. Utaua kigoga mwaka huu na kununua gata mwaka ujao. Na dawa ya kupaushia nguo ni vivyo hivyo kwa chuma.

Halafu kuna jambo ambalo wauza dawa hawaligusi: sisi tunayanywa yale maji. Nyuma ya nyumba yangu lipo tangi la lita 5,000, na wengi mtaani wanategemea paa lao vile vile, hasa bomba linapokaa siku nne bila tone. Chochote unachomwaga juu ya vigae kinaishia kwenye sufuria ya uji. Kama ni lazima utumie dawa, chomoa bomba la kuingiza maji tangini kabla hujafungua kopo, na usilirudishe mpaka mvua kubwa kadhaa ziwe zimeosha paa na gata. Nimewahi kuwaambia watu hili wakanijibu kwamba wanachemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Shaba haichemki ikaondoka.

Nikiwa mkweli, kigoga chenyewe si jambazi mkubwa hapa kwetu. Kule kwenye baridi kali maji yaliyomo ndani yake huganda na kupasua vigae. Fort Portal haina barafu, barafu iko juu ya Rwenzori. Na kule Rwenzori kigoga kimefunika mawe na miti kwa unene wa godoro, kinanyonya mvua na kuiachia polepole, na mto wetu Mpanga unashuka kutoka milima hiyo hiyo. Sina ugomvi nacho kikiwa huko. Madhara yake kwenye nyumba ni ya chini chini: kinajaa kwenye maungio na kurudisha maji ndani, kinafanya mbao za chini zisikauke, kisha mabonge yake yanaporomoka na kuziba gata. Gata iliyoziba ni bwawa la mbu lililo juu ya dirisha la chumba cha kulala.

Baada ya pampu nilifanya hivi. Nilisubiri Januari, paa likauke kabisa. Kijana mmoja alipanda kwa ngazi yenye ndoano iliyoshika kofia ya paa, ili asikanyage vigae, na kamba kiunoni. Alikuwa na kijiti cha mbao na ufagio laini. Alisugua kutoka juu kwenda chini. Kigoga kikikauka kinabanduka kama ukoko wa ugali. Gata zikasafishwa, tangi likiwa limefungwa. Tangu hapo kila mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti, kabla mvua hazijaanza, majani yanafagiliwa. Basi. (Kama nyumba yako ni ya zamani na ina yale mabati mazito ya kijivu ya asbesto, usisugue wala usifagie, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Mwachie mtu mwenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo.)

Ila hayo yote yangekuwa bure bila mfenesi. Mama aliupanda tulipohamia, na ulikuwa umelaza matawi matatu juu ya paa, yakidondosha majani kwenye pembe ambapo miteremko miwili inakutana. Saa tano asubuhi nusu nzima ya paa ilikuwa bado na umande. Nilipomweleza Mama, alinyamaza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hayo mafenesi umekuwa ukila kwa jirani?" Tulijadiliana wiki mbili. Mwishowe akakubali matawi mawili yaende, akasimama chini ya mti akimwelekeza mkataji kwa fimbo yake. Wiki hiyo hiyo vigae vilianza kukauka kabla ya saa nne.

Tawi la tatu lipo. Ndilo linalozaa zaidi, na chini yake kuna kiraka cha kijani cha ukubwa wa mkeka, ambacho nakifagia mwenyewe. Mama amelifunga kitambaa chekundu, mkataji asije akalikosea.