Nani kawaambia Homer ni wa kusomwa kimya?

Kuna hukumu ambayo haifi: Iliadi, utenzi wa Kigiriki wa Homer juu ya vita vya Troya, inachosha. Majina mengi, mikuki mingi, maneno yaleyale yanarudi mpaka msomaji aone anafanywa mjinga. Anayeitoa hupigiwa makofi kwa ujasiri wake, kana kwamba amefichua wizi uliositiriwa kwa miaka 2,700. Upande wa pili wamekaa waheshimiwa wanaojibu kwamba huo ndio msingi wa fasihi ya Ulaya, kwa hiyo soma na unyamaze. Jibu hilo ni baya kuliko shutuma yenyewe. Hakuna aliyekula pilau kwa sababu ni msingi wa kitu chochote.

Swali ni moja, tamu au si tamu? Tamu. Ila mnaila na maganda.

Tazameni msomaji wa kawaida anavyofanya. Anapakua nakala ya bure. Anaanza kitabu cha 1, yaani sura ya kwanza, na anafurahi, maana ni vigumu kutofurahi: wakubwa wawili, Agamemnon na Achilles, wanatukanana mbele ya jeshi zima kwa ajili ya mateka, na mmoja anamwita mwenzake mlevi mwenye macho ya mbwa na moyo wa paa. Anaingia kitabu cha 2. Kuanzia mstari wa 484 anakutana na orodha ya merikebu: vikosi 29, merikebu 1,186, kila kikosi na makamanda wake, na baba zao, na vijiji ambavyo baadhi yake hata Wagiriki wa baadaye walishindwa kuonyesha vilikuwa wapi. Hapo kitabu kinafungwa. Kesho yake hukumu inatolewa.

Sawa, orodha hiyo inachosha, nimekubali, na msinirudishe hapo tena. Irukeni. Ingawa kwa aliyekuwa amekaa kusikiliza, orodha ile ilikuwa kama kipindi cha salamu redioni: asiye na jamaa anasikia kelele, aliyesikia kijiji chake kikitajwa anaruka kitini.

Marudio ndiyo sitayaombea radhi.

“Achilles mwenye miguu mepesi.” Anaitwa hivyo akikimbia, anaitwa hivyo akiwa amekaa kibandani kwake amenuna. Msomaji wa leo anacheka: amekaa, miguu mepesi ya nini? Basi hesabu silabi. Mstari wa heksamita, kipimo anachotumia Homer, una hatua sita, kila hatua ni silabi ndefu moja na fupi mbili, au ndefu mbili. Ya mwisho ina silabi mbili tu. Jumla haipungui 12 wala haizidi 17. Mwimbaji anatunga papo hapo, hana karatasi, na lazima autue mstari salama. Kwa hiyo ana majina ya kila kipimo. Akibakiwa na nafasi ya silabi tano, anasema dios Achilleus. Saba, podas okus Achilleus, ndiyo hiyo miguu mepesi. Nane, podarkes dios Achilleus. Mgeukie Odysseus, shujaa mwingine wa Kigiriki, uone: dios Odusseus, polumetis Odusseus, polutlas dios Odusseus. Tano, saba, nane. Vipimo ni vilevile, na virefu na vifupi vimekaa palepale. Mtafiti Mmarekani Milman Parry alilionyesha hili katika tasnifu zake za Paris mwaka 1928, kisha kati ya 1933 na 1935 akaenda Yugoslavia kurekodi waimbaji walio hai. Mmoja wao, Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, alimwimbia utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Huo ni urefu wa Odisei, utenzi wa pili wa Homer.

Wazungu walihitaji meli na mashine ya kurekodi kulijua hilo. Mtu aliyekulia kwenye tenzi angewaambia bure. Mshororo wa mizani 8, kina cha bahari kinangoja mwisho wa ubeti, na mtunzi anaweka mshororo wa aina ya “akamjibu kauli”, mizani 8 kamili, ili msikilizaji apate pumzi na yeye apate kina. Hakuna aliyemshitaki kwa uvivu. Ras’il Ghuli ina beti zaidi ya 4,000 na ilighanwa, ikasikilizwa, ikanakiliwa kwa mkono. Na kama ni vita na watu wa huko, Mwengo wa Athumani wa Pate alishavitunga mwaka 1728: Herekali wa Utenzi wa Tambuka ndiye Heraclius, kaisari wa Constantinople, mji uliosema Kigiriki. Hatuanzi safari hii kama wageni.

Lakini kujaza nafasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mtu akishakuzoesha marudio, anaweza kukuchoma kwa kuyavunja.

Nendeni kitabu cha 9. Achilles amesusa vita, jeshi limebanwa, Agamemnon anakubali kumlipa fidia. Anaorodhesha: majungu 7 ya miguu mitatu ambayo hayajaguswa na moto, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20 ya kung’aa, farasi 12 washindi wa mbio, wanawake 7 wa Lesbos mafundi wa kazi za mkono, Briseis mwenyewe, yule mateka aliyenyang’anywa, arudishwe, na huko nyumbani amuoze binti yake mmoja pamoja na miji 7. Halafu mwishoni anamwaga sumu: na anyenyekee kwangu, maana mimi ni mfalme mkubwa kuliko yeye, na kwa umri namzidi. Odysseus anapewa ujumbe. Anafika, anakula, anaanza kuirudia orodha, majungu, dhahabu, masufuria, farasi, karibu neno kwa neno, mistari zaidi ya 30.

Msomaji wa kimya hapa anafunua kurasa mbili mbele. Hongera. Umekosa kila kitu. Odysseus ameileta orodha mpaka kwenye miji 7, na pale sumu ilipotakiwa kuja, haipo. Ameimeza. Mahali pake ameweka ombi: kama unamchukia Agamemnon, basi waonee huruma wenzako wanaokwisha. Aliyesikia orodha ya kwanza kwa masikio analisikia pengo hilo kama ngazi iliyokosa kipandio. Na Achilles, ambaye hakuwepo wakati Agamemnon akisema, neno lake ni hili: namchukia kama milango ya Kuzimu mtu afichaye jambo moja moyoni na kusema jingine. Amejuaje? Homer hasemi. Hakuna mwandishi wa riwaya anayeweza kulifanya hili kwa msomaji anayeruka.

Au kuvaa silaha. Mara nne tunamwona shujaa akivaa kirefu: Paris wa Troya kitabu cha 3, Agamemnon cha 11, Patroclus cha 16, Achilles cha 19. Mfuatano haubadiliki: mabamba ya miguuni, dirii, upanga, ngao, chapeo, mkuki. Patroclus anavaa vya rafiki yake, bamba, dirii, upanga, ngao, chapeo, sikio linakwenda lenyewe, na linapofika mkuki linagonga ukuta. Anachukua mikuki miwili inayomtosha mkononi. Ule mzito wa Achilles anauacha, kwa sababu katika Wagiriki wote hakuna mwingine awezaye kuupunga. Homer ameshadokeza kwamba mtu huyu atakufa, ila hajasema kwamba ni kwa sababu si Achilles. Aliyesikia orodha mara mbili kabla ya hapo hahitaji kuambiwa. (Na Paris, kwenye kitabu cha 3, dirii aliyovaa ni ya kuazima, ya ndugu yake Lycaon. Huyo Lycaon tunakutana naye cha 21, hana chapeo wala ngao wala mkuki, akimsihi Achilles amwachie. Hamwachii.)

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni sauti. Someni kwa kutamka, mistari kama 10 kwa dakika. Kitabu kimoja cha Iliadi ni wastani wa mistari 650, yaani saa moja na dakika chache. Mkiwa wawili ni bora zaidi, maana karibu nusu ya Iliadi ni watu wakizungumza, na katika Odisei mazungumzo yanapita nusu, gawaneni wahusika. Mghani aliyemo kwenye Ion, mazungumzo yaliyoandikwa na mwanafalsafa Plato, anasema akifika penye huzuni macho yanamjaa machozi, penye kutisha nywele zinamsimama, na wakati huohuo anawachungulia watazamaji, kwa sababu wakilia yeye atacheka na fedha yake, wakicheka atalia yeye. Mtu wa kazi huyo. Hakusimama pale kuhifadhi urithi wa Ulaya.

Kitabu kimoja kwa kikao, basi. Ukisoma vitatu kwa mpigo vifo vinaanza kufanana, kwani vimejengwa kwa kiunzi kimoja: jina, baba, alikotoka, chuma kilipoingia, giza machoni. Polepole unaona kila mmoja amepewa kitu chake. Simoeisios, kitabu cha 4, amezaliwa ukingoni mwa mto mama yake alipokwenda na wazazi kuangalia kondoo. Anaishi mistari 17 na kuanguka kama mti uliokatwa. Kitabu cha 12 majeshi yamelingana nguvu, na Homer anayafananisha na mizani ya mwanamke maskini anayepima sufu kwa uangalifu ili awapatie wanawe ujira kidogo. Katikati ya damu yote ile, mama na mizani yake. Ukikimbia humwoni.

Dawa ya pili ni mpangilio. Si dhambi kuruka. Waimbaji wenyewe hawakuimba yote kila usiku. Anza na 1, kisha 6, 9, 16, 18, 22, 24. Hiyo ni mistari 4,656 kati ya 15,693, chini ya theluthi, kama saa nane za kusoma kwa sauti. Kitabu cha 6 msikiache: Hector, shujaa wa Troya, anainama kumbeba mwanawe, mtoto anaogopa manyoya ya farasi juu ya chapeo na kulia, baba na mama wanacheka, baba anaivua na kuiweka chini. Cha 22 mke yuleyule anaagiza maji yachemshwe ili Hector aoge akirudi. Sisi tumeshaona maiti yake ikiburutwa na Achilles. Ukishayamaliza hayo saba, rudi ukajaze mapengo. Kuanzia 11 hadi 15 ni vita vikubwa na virefu, na ndiyo, kuna mahali nahodha mwenyewe, Homer, amesinzia.

Kinachowaharibia wengine ni kungoja visivyokuwemo. Farasi wa mbao hayumo katika Iliadi. Yumo kwenye Odisei, tena anasimuliwa tu. Kifo cha Achilles hakimo. Kisigino hakimo: Achilles wa Homer si mtu asiyepenyeka kwa chuma, kitabu cha 21 mkuki unamkwaruza mkono na damu inatoka. Anayetaka shujaa mwenye mahali pamoja pa kufia amsome Liyongo na sindano yake ya kitovuni, atatosheka. Iliadi ni hasira ya mtu mmoja kwa siku chache za mwaka wa kumi wa vita, na neno lake la kwanza kabisa ni hilo: hasira.

Odisei ni rahisi zaidi na watu huipenda bila kusukumwa, kwa hiyo sitaichosha. Shujaa wake, Odysseus, haonekani vitabu vinne vya mwanzo; asiye na subira aanze cha 5, pale anapokaa ufukweni akilia, aende mpaka 12. Cha 22, wajakazi 12 wanaponyongwa, hakuna namna ya kukifanya kitamu, na anayejaribu simwamini. Argonautika, utenzi mwingine wa Kigiriki, wa Apollonius? Kitabu cha 3, Medea asiyelala kwa mapenzi. Mengine mtajua wenyewe.

Limebaki la tafsiri za Kiingereza, na hapa ndipo nakala ya bure inapofanya madhara. Nyingi ni za zamani kwa kuwa haki zake zimekwisha. Samuel Butler, 1898, ameigeuza nathari na kuwapa miungu majina ya Kirumi, basi unamtafuta Zeus kumbe yuko chini ya Jove. Alexander Pope, kati ya 1715 na 1720, ameitia vina viwili viwili, na sisi wapenda vina tunaweza kudanganyika hapo, ila Homer hana kina hata kimoja, na kufuata kina kumemlazimu Pope kukata na kushona. Lattimore wa 1951 anafuata mstari kwa mstari na anatunza marudio yote. Ni mgumu kidogo mdomoni. Fagles wa 1990 anasomeka vizuri kwa sauti. Emily Wilson, 2023, ana mapigo ya kawaida mwanzo hadi mwisho na maneno ya leo. Kwa anayeanza ningempa huyo.

Kabla ya kulipa, au hata kabla ya kupakua, fungua ukurasa wa mwisho. Mstari wa mwisho wa Iliadi unasema hivyo ndivyo walivyomzika Hector mtiisha farasi, na katika Kigiriki neno linalofunga mistari yote 15,693 ni lakabu hiyo, hippodamoio, mojawapo ya yale majazo ambayo mnasema yanachosha. Angalia kama farasi wapo. Kwa Pope hawapo.