Uongo kwa wapelelezi wa Marekani: hakuna kiapo, lakini jela ipo

Wengi huamini kwamba uongo huwa jinai pale tu mtu anapoapa mahakamani. Mbele ya wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, imani hiyo imewafikisha watu gerezani. Kifungu cha 1001 cha sheria yao ya jinai hakijali kama uliapa, kama umekamatwa, au kama ulikaa kuzungumza kwa hiari yako. Ukidanganya kwa makusudi, katika jambo lenye uzito kwa uchunguzi ulio chini ya mamlaka yao, adhabu ni hadi miaka 5, au 8 ikiwa suala ni la ugaidi.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja nzito. Hiari maana yake unaweza kukataa. Nyamaza, omba wakili, funga mlango. Hakuna atakayekushtaki kwa hilo. Mwaka 1969, katika kesi ya Bryson, Mahakama ya Juu ilisema raia anaweza kukataa swali au kulijibu kwa ukweli, ila hana ruhusa ya kudanganya kwa kujua. Nakubali. Jina la uongo linaweza kumtia matatani mtu asiyehusika kabisa.

Kinachonisumbua ni kesi ya James Brogan. Mwaka 1993 maafisa walimfuata nyumbani kwake, wakamwambia kwamba akitaka kushirikiana anaweza kuwasiliana nao kupitia wakili, kisha wakamwomba ajibu maswali machache. Je, alipokuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliwahi kupokea fedha au zawadi kutoka kampuni fulani? Akajibu: hapana. Hapo ndipo walipomwambia kwamba nyaraka za kampuni wanazo, na kwamba kuwadanganya ni kosa. Hakubadili jibu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata “hapana” tupu ya kujikinga ni kosa.

Nani alipotoshwa na jibu lile? Ukweli walikuwa nao tayari. Jaji Ginsburg wa mahakama hiyo alikubali kwamba maneno ya sheria yanaruhusu hukumu hiyo, lakini akaonya kwamba wapelelezi wanaweza kulizalisha kosa wenyewe kwa kuuliza tu, na akaliachia Bunge kurekebisha. Mwongozo wa Wizara ya Sheria huwataka waendesha mashtaka wasimshtaki mtu aliyekana hatia tu, lakini huo ni utaratibu wa ndani. Mshtakiwa hawezi kuudai mahakamani kama haki yake.

Kuna pia suala la ushahidi. Kwa kawaida afisa mmoja wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, huuliza, mwenzake huandika, na baadaye hutayarishwa muhtasari. Sera ya kurekodi iliyoanza 2014 inalenga waliokwisha kukamatwa. Kwa hiyo mtu anaweza kufungwa kwa maneno ambayo hayapo popote ila katika kumbukumbu za waliomhoji. Kwa mhamiaji Mkongomani anayehojiwa kwa Kiingereza cha kubabaisha, neno moja lililoeleweka vibaya ni hatari kubwa.

Sitaki kifungu kifutwe. Nataka onyo kwamba kudanganya ni kosa litolewe kabla ya swali la kwanza na mazungumzo yarekodiwe. Tangu 2014 serikali yenyewe imekubali kwamba ni lazima kuthibitisha mtu alijua kudanganya huko ni kinyume cha sheria. Onyo la mapema lingempa raia nafasi ya kunyamaza, na lingempa mwendesha mashtaka uthibitisho anaouhitaji dhidi ya aliyeamua kudanganya hata hivyo.