Godoro langu limenirudia

Kuna watu wana mkosi wa mapenzi, wengine wa biashara. Mimi mkosi wangu ni taka.

Hapa Dar nimepanga nyumba yenye wapangaji saba, na kila mwezi tunatoa hela ya taka. Yule dada wa kukusanya ushuru hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mvua inyeshe, Simba na Yanga wacheze, yeye yupo mlangoni na kimashine chake: "Shikamoo baba, nimefuata ile ya taka." Gari lenyewe sasa! Gari la taka ni kama mwezi wa Idi, kuna walioliona na kuna ambao hawajaliona, na wewe ukija kuambiwa limeonekana, limeshazama. Likija linapiga honi mbili tu, wanawake wanatoka mbio na viroba vya sandarusi kichwani, wanaume tunatoka na taulo kiunoni. Halina turubai, kwa hiyo kiroba ulichowapa kwa jasho, likipita tuta la kwanza wanakurudishia nusu yake.

Basi mwaka huu nilinunua godoro jipya. La zamani nililinunua inchi sita, likabaki inchi mbili, na katikati lina bonde. Tukigombana na mama Zuhura, kila mtu analala pembeni amenuna, saa nane za usiku tunakutana bondeni tupende tusipende. Foronya ilikuwa imeshachanika, na Zuhura, kitinda mimba wetu, alikuwa amenichora kwenye sponji kwa makapeni. Kichwa kama boga, tumbo kubwa, shingo hakuna, macho mawili yametumbuka kama ya mtu aliyeona bili ya umeme.

Gari la taka likaja. Nikalibeba godoro begani, nikakimbia nalo. Kijana wa juu ya gari akaliangalia, akaniangalia.

"Mzee, hiyo sio taka. Huo mzigo. Elfu tano."

"Si nimelipia taka mwezi huu?"

"Umelipia taka. Hilo godoro."

Mtu anayesimama juu ya maganda ya ndizi na utumbo wa samaki ananifundisha mimi taka ni nini! Nikarudi nalo ndani. Mama Zuhura akasema nimpe kijana wa mkokoteni. Kijana akasema elfu mbili, analipeleka dampo. Nikampa. Baada ya dakika ishirini kapita tena mbele yangu, mkokoteni mtupu, anapiga mluzi.

Dampo letu liko Pugu Kinyamwezi. Hata ndege ya abiria haiendi na kurudi kwa dakika ishirini. Akili ikaniambia, "Muulize." Mdomo ukasema, "Utalirudisha wewe?" Nikanyamaza. Hapo nakiri kosa.

Sasa sikilizeni tabia ya mji huu. Wingu likitanda, wenzetu vijijini wanaingiza mahindi ndani. Sisi tunatoa taka nje. Radi ikipiga tu, unasikia milango: kwaa, kwaa, kwaa. Kila mtu na kiroba chake anasogea mtaroni, anakimwaga, anarudi ndani kunywa chai. Ukimuuliza maji yanapeleka wapi, anakujibu "huko". Huko ni kwa mwenzio wa chini, halafu Mto Msimbazi, halafu Jangwani, ambako barabara inafungwa, na wewe uliyemwaga unasimama kituoni unalalamika mwendokasi haupiti.

Usiku ule mvua ilishuka haswa. Saa kumi naamka, ndala zangu zinaogelea. Nachungulia dirishani, maji yamejaa hadi kizingitini. Mtaro umeziba kwenye kalavati, tena kalavati ya mbele ya mlango wangu. Kulipokucha, mjumbe kafika na suruali kaikunja magotini, majirani nyuma yake. Kanyoosha fimbo.

"Godoro hili la nani?"

Nikasema hata sijui, watu wa juu huko hawana ustaarabu kabisa. Nikawa nimeshaanza kuwahutubia majirani, ndipo Zuhura akapenya katikati ya miguu ya watu: "Baba, si lako? Ona, wewe huyu hapa!"

Na kweli. Makapeni ile bwana haifutiki kwa maji. Nilikuwa nimelala chali mtaroni na tumbo langu, nawaangalia majirani wote.

Nikapewa adhabu ya kulitoa mwenyewe siku ya usafi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya watu. Mimi usafi sijaanza jana. Desemba 9, 2015, Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kusema siku hiyo tufanye usafi, akaonekana mwenyewe anazoa takataka karibu na Feri, mimi nilifagia hadi kwa jirani. Na Juni 1, 2019, mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku, nilikuwa muoga kuliko wote. Ukikutwa nao, faini elfu thelathini mpaka laki mbili, au siku hadi saba ndani. Nilikuwa na hazina yangu ya rambo chini ya godoro, hilo hilo, nimezikunja pembe tatu kama sambusa. Nilizitoa usiku kama mtu anayetupa bangi. Leo kila nikienda sokoni nanunua mfuko mbadala, nyumbani ninayo arobaini, na siku ya kwenda sokoni hauonekani hata mmoja.

Nikiwa mtaroni navuta sponji lililonywa maji, zito kama ng'ombe, wanaojua kazi walikuwa pembeni wanafanya yao. Vijana wa makopo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano Dar, na nakwambia wanaotenganisha taka kwa dhati ni hao wenye magunia. Chupa za maji huku, vifuniko huku, bati huku. Hawajahudhuria semina ya hotelini. Kwenye semina, mtu anaongelea madhara ya plastiki huku kila mjumbe amewekewa chupa mbili za maji mbele yake, na atakayezifuata hizo chupa ni huyu kijana aliyezuiwa getini. Anapeleka kwa mwenye mzani, wanapimiana kwa kilo, zinasagwa, zinaenda viwandani. Chuma chakavu kinayeyushwa, kinarudi nondo. Hapo nina kinyongo kidogo, maana mfuniko wa sufuria yetu ya pilau ulianikwa nje ukatoweka, na huenda sasa hivi umeshikilia ghorofa la mtu Kariakoo.

Nikalitoa lile godoro, nikaliegesha ukutani likauke, nikawa nawaza elfu tano nitaipata wapi. Asubuhi, halipo. Limekwenda. Sikuuliza nani, sikuuliza wapi. Nilishukuru Mungu nikanywa uji.

Wiki tatu zikapita kwa amani. Mama Zuhura akasema makochi yamekaa kama ya ofisi ya serikali, tununue mito. Tukaenda kwa fundi wa barabarani, kaitundika mito inang'aa, nyekundu ya velveti, zipu ya dhahabu. Nikauliza ndani kuna nini. "Sponji mpya kabisa, mzee wangu. Ya kiwandani." Nikaubonyeza mmoja, ukashuka, haukupanda. Mama Zuhura akasema huo ndio ulaini. Elfu kumi na mbili kwa miwili. Hela ya mmoja nikamlipa, wa pili nikamwambia tutaufuata mwisho wa mwezi.

Nyumbani nikauegemea. Mgongo ukatulia mara moja, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Nilipoanza kusinzia nikasikia harufu ninayoifahamu, kwa mbali, kama ya mtaro. Zuhura naye mikono haitulii, kavuta zipu. Vipande vya sponji vikamwagika sakafuni, vya kila rangi. Akaokota kimoja, akakigeuza, akanisogezea usoni.

Jicho langu la kushoto.

Tumelitafuta la kulia hadi saa nne usiku, hakuna. Mama Zuhura anasema nisisubiri mwisho wa mwezi, niufuate ule mto wa pili kesho asubuhi kabla hajaununua mtu mwingine.