"Huyu atakuwa mkali"

Shemeji yangu alipokuja Jumapili moja alimkuta Bosi, mtoto wetu wa mbwa, ananing'inia kwenye pindo la kanga yangu nikielekea kambani kuanika nguo. Akacheka hadi akashika mbavu. "Huyu atakuwa mkali, muacheni hivyo hivyo." Bosi alikuwa na wiki tisa, meno kama sindano. Nami nilicheka, mpaka nilipokuta kanga ina matundu matatu na kifundo cha mguu cha binti yangu kina michubuko.

Mbwa wa kubweka geti likigongwa namtaka. Wa kuuma watu wa nyumbani simtaki. Lakini mazoea yetu yanachekesha: akiwa na miezi miwili tunamchokoza kwa mkono, aking'ata tunamsifu. Akifika miezi minane akamng'ata mtoto wa jirani, tunatafuta fimbo. Yeye atajuaje kuwa sheria imebadilika?

Na hiyo fimbo yenyewe haisaidii. Nakiri, siku ya tatu nilimzaba Bosi kibao mdomoni. Akadhani mchezo umenoga, akanirudia kwa kasi zaidi. Nyumbani kwa mama tuliwahi kuwa na mbwa aliyechapwa kila akinguruma, mwisho akaacha kunguruma kabisa, akawa anauma kimya kimya. Kunguruma ni hodi ya mbwa. Ukimchapa kwa kupiga hodi, siku nyingine ataingia bila hodi.

Watoto wa mbwa hufundishana wenyewe. Mmoja akizidisha kung'ata, mwenzake analia na mchezo unakufa. Ndiyo maana nilikataa kumchukua Bosi akiwa na wiki tano, ingawa muuzaji alinibembeleza "umzoeshe mapema." Kabla ya wiki nane bado yuko shule.

Kwa hiyo namuiga ndugu yake. Jino likigusa ngozi nasema "Aa!" mara moja, nasimama, mikono kifuani, simtazami. Akitulia, nampa kamba ya katani niliyoipiga mafundo, na akiitafuna hiyo namsifu. Binti yangu naye amejifunza kusimama kama mti badala ya kukimbia akipiga mayowe, maana kwa Bosi anayekimbia ni mwenzake wa kufukuzana. Kazi ngumu ilikuwa kaka yake, aliyeendelea kumvutisha ndala kwa siri. Nyumba nzima isipokubaliana, mbwa hafundishiki.

Saa moja jioni anapagawa, anauma hata miguu ya meza. Nilidhani ni ukorofi, kumbe ni usingizi. Umri huu hulala hata saa 18 kwa siku. Nampeleka bandani, dakika tano kimya. Halafu kuna meno: kuanzia kama miezi mitatu hadi sita au saba, yale 28 ya utotoni yanang'oka na kupisha 42 ya ukubwani, fizi zinamsumbua. Kitambaa kilicholoweshwa na kugandishwa kwenye friza humtuliza.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata alipofikisha miezi mitatu. Hata hivyo, mtu aking'atwa na mbwa, hata wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Juzi shemeji karudi, akanyoosha vidole kumchokoza. Bosi akavilamba. "Mmeniharibia mbwa," akanung'unika.

Ndala zangu, lakini, bado nazificha juu ya kabati.