Viberiti vya gesi mnavyotuuzia wavuta kiko

Jamani wauza viberiti wa Dodoma, mnatukwaza sisi wavuta kiko. Ukiulizia kiberiti katika masoko ya Majengo au Sabasaba, unaletewa kile cha mwali mkali wa bluu, unaounguruma. "Hiki, mzee, upepo hauzimi." Kweli hauzimi, na upepo wetu wa Julai si wa mchezo. Lakini mwali ule unababua ukingo wa kiko na kuunguza tumbaku mpaka inakuwa chungu. Kiko kinataka mwali laini wa njano, tena unaotokea ubavuni mwa kiberiti, maana tumbaku iko chini na moto hupanda juu. Kiberiti cha kawaida ukikiinamisha, kinakuunguza kidole gumba. Vile vya mafuta navyo vinaacha harufu mdomoni.

Kinachoniudhi zaidi ni matunzo. Kiberiti kina tundu la kujazia gesi, kina jiwe la kutoa cheche la kubadilisha, ila ukiulizia kopo la gesi au jiwe unajibiwa, "Nunua kingine tu." Kingine cha nini, na hiki ni kizima kabisa?

Hata huyo mwenye kopo anajaza bila kutoa kwanza hewa iliyobaki ndani, halafu anawasha papo hapo. Gesi inaingia nusu, mwali unatapatapa, lawama anapewa kiberiti! Bonyeza vali, yaani lile tundu la kujazia, kwa kijiti hewa itoke, geuza kiberiti kichwa chini, jaza, kisha kiache dakika chache ndipo uwashe.

Wekeni mawe na gesi dukani. Tutanunua.