Gundi ya Ndevu za Farao

Agosti 2014 ndevu za kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun zilichomoka katika Makumbusho ya Misri, Cairo. Wafanyakazi wakazibandika kwa epoksi, ile gundi ya kukauka haraka, zikakaa upande. Dunia ikacheka. Mimi nadhani tulichekea pasipo. Ndevu kwenda upande ni jambo dogo. Balaa ni gundi yenyewe.

Epoksi ikishakauka haiyeyuki kirahisi. Mwaka 2015 timu ya Wajerumani na Wamisri ililazimika kuipasha moto na kuichokonoa taratibu kwa vijiti vya mbao, maana chuma kingeikwaruza dhahabu. Kisha wakazirudisha ndevu kwa nta ya nyuki, kitu ambacho Wamisri wa kale wenyewe walikitumia.

Hapa ndipo wahifadhi, mafundi wanaotengeneza na kutunza vitu vya makumbusho, wasipoeleweka. Mgeni akiona chungu chenye pengo kabatini hudhani ni uvivu, au fedha zimekwisha. Kumbe mtu ameketi na vigae vile wiki nzima. Huchagua gundi dhaifu makusudi, kama Paraloid B-72, inayoyeyuka kwa asetoni: chungu kikigongwa, kiachie kwenye kiungo cha gundi, si kwenye udongo wake. Pengo likizibwa, kiraka hupakwa rangi iliyofifia kidogo kuliko chungu. Ukisimama mita mbili unaona chungu kizima; ukisogeza pua unaona kipi cha mfinyanzi na kipi cha fundi wa juzi. Huo uungwana haumo kwenye chungu kilichong'arishwa mpaka kikawa kipya.

Wanaotaka vitu vikamilishwe nao wana lao. Vigae kumi kwenye trei havimwambii mtoto kitu. Na ahadi ya wahifadhi kwamba kila kazi yao inaweza kutenguliwa si ya kweli sana: resini, gundi ya majimaji, iliyonyweshwa ubao ulioliwa na wadudu haitoki tena yote. Usipoinywesha, ubao unabaki unga. Hapo hata mimi nasema inyweshwe.

Ila iandikwe: resini gani, kiasi gani, nani kaiweka, siku gani, na picha ya kabla na ya baada. Bila daftari hilo, anayekuja baada ya miaka hamsini anabahatisha kiyeyushi juu ya kitu kisicho na mwenzake duniani. Epoksi ya Cairo ilibandikwa Agosti. Watu wakaja kujua Januari.