Nairobi ni lisaa limoja kwa ndege? Anza kuhesabia mlangoni kwako

Ukitafuta mtandaoni umbali wa KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi utaletewa kilomita kama 235 hivi, na chini yake muda wa kuruka, mara nyingi haufiki hata lisaa, basi mtu wa Njiro au Sakina hapa Arusha akiona vile anakata tiketi fasta. Mi nasema kwa safari ya Nairobi, kama unatokea Arusha mjini, panda koasta, lile basi dogo linalopitia mpaka wa Namanga, hela yako ikae mfukoni.

Zile kilomita ni mstari ulionyooka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Nyingi ya hizo tovuti zinachukua huo mstari zinaugawa kwa spidi ya jeti, kilomita 800 kwa saa au zaidi, wakati njia fupi kama hii ndege ikimaliza kupanda muda si mrefu inaanza kushuka, na ikiwa ni pangaboi kama ATR 72 spidi yake hata ikishatulia angani ni kama 500 tu. Ratiba ya shirika ndo ina ukweli zaidi, maana wao wanahesabu tangu ndege inaanza kutoka ilipopaki mpaka ikapaki tena kule, ndo maana wanaandika karibu lisaa.

Sasa weka na mengine. Mjini mpaka KIA ni kilomita kama 50, Usa River, Kikatiti, na ukipita Tengeru Jumatano au Jumamosi siku ya soko utajuta, hapo lisaa limeenda. Ndege ya nje unatakiwa ufike masaa mawili kabla, wengine wanasema matatu. Unaruka lisaa, unashuka, foleni ya uhamiaji, begi, halafu Mombasa Road na foleni zake. Masaa matano yameisha na bado hujafika kwa mwenyeji wako. Koasta ni kilomita kama 270, Namanga unagonga mihuri ya nchi zote mbili sehemu moja, masaa matano sita unashushwa mjini. Naumia sana nikiona mama wa watu katoka nyumbani hajala kisa watoto wamemwambia "mama ni lisaa limoja tu".

Mtu wa Moshi simbishii, yeye kufika Arusha tu ni kilomita 80 na KIA iko njiani, akipanda ndege namwelewa.

Na Dar ni habari nyingine kabisa. Angani ni kilomita kama 450, lakini barabara inavuka 600 kwa sababu inazunguka, Same, Korogwe, Segera, halafu inashuka mpaka Chalinze ndo ikunje kwenda Dar. Basi linakula siku nzima. Hapo hata ukijumlisha foleni na kusubiri kote ndege inashinda mbali, na kama una mgonjwa wa kupeleka Muhimbili na hela ipo, usifikirie mara mbili.

Ila kabla hujalipa soma zile herufi tatu kwenye tiketi, JRO ni KIA, ARK ni Kisongo, viwanja viwili tofauti, kimoja kiko mashariki kingine magharibi na katikati kuna jiji zima la Arusha, ukikosea dereva wako atakupeleka uwanja ambao ndege yako haipo.